Ng'ombe wa Prisca

"Wako Nyololo!" Prisca alipiga kelele kutoka jikoni, simu ameibana kati ya sikio na bega, mikono yote miwili imejaa unga wa maandazi. "Baba! Wameshafika Nyololo, wanakunywa chai. Ng'ombe wote wazima, hata mmoja hajaumia!"

Bujiku alikuwa uani nyuma ya nyumba, kwenye kamba zake. Alisikia vizuri, ila alifanya kama hajasikia. Nyuzi tatu alizozifumua kwenye mifuko ya salfeti zilikuwa zimefungwa kwenye msumari wa nguzo, na yeye alikuwa upande wa pili akizisokota kwa viganja huku akirudi nyuma hatua kwa hatua, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka kumi. Lakini leo uzi wa katikati ulijikunja, ukafanya kifundo. Akafumua. Ukajikunja tena.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia. Nyololo si mbinguni."

Prisca akacheka, akatoka na unga wake mikononi, akasimama mlangoni. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na asubuhi hiyo ungesema ana kumi na sita. "Mzee Timotheo anasema saa sita mchana wako hapa Ilomba. Anasema ukae tayari."

"Mwambie asikimbize. Barabara imejaa matuta na mashimo. Wanaopanga barabara wenyewe wanapita juu kwa ndege, watajuaje?"

Alisema kwa ukali, lakini moyo ulikuwa unaruka kama mbuzi aliyefunguliwa zizini asubuhi. Ng'ombe wanakuja! Ng'ombe wa mwanawe, kwenye uchochoro huu wa Ilomba ambao hata bajaji inapita kwa kukunja kioo! Akataka kuimba. Kisha palepale jasho likamtoka kwapani na baridi ile yote ya asubuhi, akaishika nguzo.

Kwa Wasukuma, ng'ombe wa mahari hawapokelewi kwa maneno. Baba wa binti anatoka nje mwenyewe, anaingia katikati yao, anawashika: mgongo, kiwele, meno, kwato. Anasema huyu ndiyo, huyu hapana, rudisheni. Mpaka amalize kuwashika, hao bado ni ng'ombe wa watu, na binti bado si mke wa mtu. Familia ya Mwigulu, kijana aliyemchumbia Prisca, wangeweza kutuma fedha kwa simu kama wafanyavyo watu wa mjini siku hizi. Prisca mwenyewe alipendekeza hivyo, kwa sababu anamjua baba yake. Bujiku ndiye aliyekataa. "Mama yako nilimtolea ng'ombe," alisema, akatoka kwenda uani kabla hajaulizwa swali la pili.

Sasa walikuwa njiani kutoka Pawaga, kule Iringa, juu ya lori lililokodiwa kwa siku moja. Wasipopokelewa kabla ya jua kuzama, lori lingerudi na mzigo wake. Na Timotheo, baba mdogo wa Mwigulu, mkuu wa msafara, alishasema wazi kwenye simu: "Mkwe, habari zako nimezisikia, na pole sana. Lakini ng'ombe zangu hazipokelewi dirishani. Usipotoka, nitajua umetukataa."

Na Bujiku alikuwa hajasimama karibu na ng'ombe kwa miaka kumi na moja, tangu alipoondolewa bonde la Usangu.

Mtaa mzima ulijua mkasa wa soko la Soweto. Mwaka juzi mfanyabiashara mmoja aliswaga ng'ombe watano kando ya soko akienda machinjioni, na Bujiku alikuwa palepale, mzigo wa kamba begani, akiwapelekea wapakiaji wa viazi. Ng'ombe mmoja akalia. Mara moja tu. Watu wakamwona mzee mzima anadondosha kamba, anaingia uvunguni mwa lori la viazi, anajikunja huko, mikono kichwani. Ilichukua nusu saa kumtoa. Wengine walicheka, wengine walisema ni kifafa. Zahanati walimpa vidonge vya vidonda vya tumbo, maana huko ukiwaambia moyo unauma wanakupima choo.

Eveline, jirani yake, Mnyakyusa muuza ndizi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ndiye aliyemnong'oneza Prisca kwamba kuna daktari wa mawazo Soweto, nyuma ya duka la dawa. "Ni Mhindi, lakini wa hapahapa Mbeya. Mjukuu wa Harilal wa vifaa vya ujenzi. Kinyakyusa anakijua kuliko wanangu, mwe!"

Bujiku alikwenda kwa sababu Prisca alilia. Alikuta chumba kidogo kilichokuwa stoo zamani, mlango wazi, na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miwani puani, nywele kazifunga kwa mpira wa noti.

"Karibu, mzee. Mimi ni Hetal. Chagua pa kukaa. Mlango huu hatuufungi, na ukitaka kuondoka, ondoka tu, huna haja ya kuniaga."

Bujiku aliona ni mtego. Ofisi gani inakuambia ondoka? Ofisi anazozijua zinakuambia njoo kesho. Akachagua kreti la soda lililokuwa karibu na mlango, akakaa kwa nusu ya tako. Waliongea habari za mvua, habari za bei ya viazi. Hetal hakumuuliza chochote kuhusu kulala chini ya lori. Bujiku akaanza kudhani labda huyu si mtu mbaya. Ndipo Hetal akashika kalamu, akafungua daftari, akauliza kwa upole kabisa, "Huko Usangu, mzee, mlikuwa na ng'ombe wangapi?"

Bujiku akasimama. Akatoka, akavuka barabara bila kutazama magari, akaenda kukaa juu ya magunia ya viazi.

Basi angekuwa mtu mwingine, mambo yangeishia hapo. Lakini baada ya robo saa akamwona yule mwanamke anakuja katikati ya tope la soko, ndala zinazama, anaruka maganda ya kabichi, wapakiaji wanampigia miluzi. Akasimama mbali kidogo, kama hatua kumi.

"Mzee Bujiku. Nimekuumiza. Sijui ni neno lipi, lakini uso wako niliuona. Samahani sana."

Bujiku aligeuka nyuma kuona anayeombwa samahani ni nani. Nyuma palikuwa na magunia tu. Maishani mwake, mtu mwenye kalamu alikuwa hajawahi kumwomba samahani. Walimwita mvamizi, walimwita mbishi, walimwambia asaini hapa, walimwambia faili halionekani. Samahani, hapana. Alikaa nalo lile neno mdomoni kama mtu aliyepewa tunda asilolijua.

"Kamba unaweza kushika?" akauliza mwishowe.

"Sijawahi. Babu anauza za dukani."

"Hizo za plastiki za babu yako ndizo zinazoniua kwa njaa. Njoo Alhamisi, nyumbani. Ukishindwa kushika kamba, hata mimi utanishindwa."

Hivyo ofisi ikahamia uani. Kila Alhamisi Hetal alikuja na raba miguuni, akashika ncha moja ya kamba, Bujiku ncha nyingine, hatua kumi katikati yao. Kamba ndefu haisokotwi na mtu mmoja vizuri. Inataka mwenzako aivute kwa kiasi, asilegeze, asizidishe. Hetal mwanzoni alivuta kama anatoa ndoo kisimani. "Polepole, wewe! Unanikokota wapi?" Taratibu akajua. Daftari hakulileta tena. Siku zingine hawakuongea kabisa, wakasokota kamba tatu, akanywa chai, akaenda. Siku zingine alimuuliza, "Leo tuguse kidogo yale mambo, au tuyaache?" Na Bujiku akisema tuyaache, waliyaacha kweli. Hilo ndilo lililomshangaza zaidi.

Hetal alianza na simu. Ilikuwa na sauti ya ng'ombe ndani yake, akampa Bujiku ashike mwenyewe. "Kidole ni chako. Kuwasha ni wewe, kuzima ni wewe." Mara ya kwanza aliisikiliza kwa muda wa chafya. Baada ya mwezi, kwa muda wa kuwasha kiberiti. Baadaye wakaenda Uyole kumtazama ng'ombe wa maziwa wa watu, wao ng'ambo ya barabara, wananunua mahindi ya kuchoma. Siku ya kwanza alistahimili hindi moja. Siku ya tatu, mahindi mawili na nusu, akarudi nyumbani anajisifu kwa Eveline kama aliyeua simba. Lakini barabara ile hakuwahi kuivuka.

Na ilikuwa juu ya kamba, mwezi wa nane, upepo unapeperusha vumbi lote la Ilomba, ndipo Bujiku alipolitoa la moyoni. Macho kwenye nyuzi, mikono inasokota.

"Watu wa serikali walikuja na magari matatu. Salamu hakuna. Mwenye daftari akasema, 'Ng'ombe wangapi?' Sasa wewe hujui. Mchungaji hataji idadi. Baba yangu alikufa sijui alikuwa na ng'ombe wangapi. Ukiitaja, umewaita wabaya waje wachukue. Mimi nikaitaja. Niliogopa bunduki, nikaitaja yote, mpaka ndama. Wakaandika. Wakawafungia kwenye ua wa nyaya, wakasema ngojeni uamuzi. Mwenye kuamua alikuwa kwenye semina. Siku tisa, dada. Mimi na mke wangu Kalista tumekaa nje ya nyaya siku tisa. Ng'ombe anamjua mwenyewe. Walikuwa wananiita. Kila asubuhi sauti zinapungua."

Kamba ilikuwa imekaza kati yao kama waya wa umeme.

"Mke wangu hakuniambia neno baya hata moja. Alikuja kufa mwaka wa pili, ugonjwa hauna jina. Mwenye daftari nikasikia amepandishwa cheo. Lakini aliyesema idadi ni nani? Ni mdomo huu."

Alingoja aambiwe si kosa lako, mzee, kama alivyoambiwa na padri, na mwenyekiti, na kila mtu mwenye haraka ya kwenda kula. Hetal hakusema hivyo. Machozi yalikuwa yanamtiririka chini ya miwani naye hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamba.

"Nimeshika," alisema tu. "Sijaachia."

Wakaimaliza ile kamba. Ilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka ule, na Bujiku alikataa kuiuza.

*

Saa tatu, Makambako. Saa nne u nusu, Igawa. Kila simu ikilia, uchochoro mzima ulishangilia, maana Eveline alikuwa ameweka kituo cha habari mlangoni kwake na kutangaza kwa sauti ya mnada. "Wameingia Igawa! Mmoja amemnyea konda! Ni baraka hiyo, andikeni!" Wanawake walikuwa wanamenya ndizi, wali unapikwa kwenye masufuria ya kukodi, mtu amefungulia muziki, kuku wanakimbia ovyo kwa kuhisi siku si nzuri kwao.

Hetal alifika lori likiwa Chimala. Alikuwa amevaa gauni la kitenge na zile raba zake, boksi mkononi.

"Ugonile, mama!" akamwamkia Eveline.

"Ndaga, mwanangu! Daktari wetu! Umependeza leo, tukutafutie na wewe mchumba?"

"Mniletee mwenye ng'ombe. Wa maduka nimewachoka." Akazunguka nyuma ya nyumba, akamkuta Bujiku amevaa koti la harusi yake mwenyewe, lenye harufu ya dawa ya nondo, anatembea kutoka nguzo mpaka choo, choo mpaka nguzo. "Mzee, shikamoo. Babu Harilal amekutumia jalebi. Zilikuwa kumi na mbili. Sasa ni kumi."

"Marahaba. Mwizi wewe." Hakucheka. "Dada Hetal, leo utaniambia nijikaze?"

"Hapana."

"Wote wananiambia nijikaze."

"Umejikaza miaka kumi na moja. Inatosha." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, si karibu, si mbali. "Ukitaka kubaki huku nyuma, tutabaki wote, tutakula jalebi. Ukitaka kutoka, utatoka. Ukitoka ukaona imekuzidi, utarudi, na hakuna atakayekuuliza. Nimeshaongea na Eveline."

"Eveline kunyamaza? Utaweza wewe?"

"Ameapa kwa mama yake."

"Na Prisca je, nikishindwa?"

Prisca alikuwa ameshatokea pale, kitenge kipya, shanga shingoni, macho yamevimba kidogo. Alipiga magoti kama binti wa Kisukuma anavyopaswa. "Baba, ukishindwa, mimi bado ni mwanao. Ila mimi nataka kuolewa, siwezi kukudanganya. Nataka sana. Mwigulu nampenda."

Hiyo kweli, iliyosemwa wazi vile, Bujiku aliipokea kama mtu anavyopokea mzigo unaomfaa begani. Akamshika kichwa. "Ng'wana wane," alisema. Mtoto wangu.

Saa sita na robo, honi.

Si honi moja. Lori lilipiga, bodaboda walioliongoza kutoka Uyole wakapiga, kila mwenye kitu cha kupigia akapiga. Vigelegele vikapasuka kuanzia barabarani, vikaja vikiongezeka mlango kwa mlango. Prisca alikimbia, akasahau kwamba bibi harusi hakimbii. Lori lilishindwa kuingia uchochoroni, likasimama mdomoni mwake, watu wakaanza kushusha ubao wa nyuma.

Na ng'ombe wa kwanza akalia.

Bujiku aliegemeza mgongo ukutani, akashuka mpaka chini, koti likapanda mpaka masikioni.

"Mzee," sauti ya Hetal ilikuja taratibu, kutoka palepale kwenye ndoo. "Niko hapa. Niambie unachokiona."

"Msu... msumari."

"Ndiyo."

"Nguzo. Kamba. Ndoo ya bluu. Soli ya raba yako imeachama."

"Imeachama wapi?"

"Hapo kwenye kidole. Mjukuu wa tajiri na kiatu kinacheka, aibu."

"Nitaishona. Kingine?"

"Jogoo wa Eveline." Pumzi ikashuka kidogo. Kule mbele kwato zilikuwa zinagonga ubao, moja baada ya nyingine, ng'ombe wanashuka, watu wanapiga makofi. Kila kishindo kilimpita mwilini. Lakini kilipita, hakikukaa. "Siwezi kutoka," alisema. "Nasikia, lakini kutoka siwezi."

"Sawa."

"Usiseme sawa! Si sawa. Mtoto ananingoja."

"Si sawa," Hetal akakubali. "Nami niko hapa."

Ndipo kelele za barabarani zikabadilika. Vigelegele vilikatika. Zikaja sauti za wanaume, zote kwa pamoja, zinaamrishana.

"Amelala! Huyu wa mwisho amelala!"

"Amegoma huyo. Mvute!"

"Mkunjeni mkia! Mkunje, bwana, atanyanyuka tu!"

"Fimbo! Nani ana fimbo?"

Fimbo ikagonga. Kisha ikasikika sauti ndogo, si ya kulia, ni ya kukoroma, fupi, imetoka puani. Bujiku akainua kichwa.

"Hajagoma huyo," alisema.

"Unasemaje?"

"Hajagoma. Ni mtamba, jike changa, hajawahi kupanda gari. Wanamtoa kwenye kivuli wanampeleka juani ghafla, haoni chini. Hajui miguu aiweke wapi." Fimbo ikagonga tena, mkoromo ukatoka tena. "Wanampiga! Mtu anaogopa wao wanampiga! Lakini ndivyo walivyo, ndivyo walivyo siku zote, mwenye kushika fimbo hajawahi kuuliza!" Alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi. "Hao watoto wa nani? Hakuna mchungaji hata mmoja kwenye lori zima? Pumbavu!"

Akaenda. Koti lake linapepea, akazunguka pembe ya nyumba, akapita kwenye masufuria, akaingia uchochoroni. Ng'ombe walioshushwa walikuwa wamejaa humo ukuta hadi ukuta, weupe, wekundu, mmoja mweusi mwenye baka usoni, na Bujiku akapita katikati yao akiwasukuma kwa kiwiko na nyonga, kama mtu anayepita sebuleni kwake, pembe moja ikamkwaruza mkono, mkia ukamchapa shingo. Alifika nyuma ya lori kabla hajajua amepita wapi.

Eveline alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alipomwona Hetal anasimama kwenye pembe ya nyumba, akamsogelea. "Daktari, huendi kumsaidia?"

"Hajaniita," Hetal alisema. Macho yalikuwa yanamwaka.

"Legezeni kamba!" Bujiku aliunguruma.

Vijana watatu walikuwa wanavuta, kamba ya plastiki imemkaba mtamba shingoni mpaka macho yameonyesha weupe. Mtamba mwenyewe alikuwa mwekundu, amelala ubavu kwenye nyasi chafu, miguu amejikunjia.

"Mkwe, shikamoo, karibu," Timotheo alianza, kofia mkononi, jasho tele. "Huyu ni mkorofi tu, dakika moja tutamtoa..."

"Nimesema legeza. Wewe wa fimbo, weka chini. Chini kabisa, asiione. Nyie wote rudini mpaka kwenye nguzo ya umeme. Dereva, zima gari. Nani kawasha muziki huo? Zimeni!"

Muziki ukazimwa. Injini ikazimwa. Watu mia na ushee wa Ilomba wakarudi nyuma wakikanyagana, na uchochoro ukatulia mpaka ikasikika sufuria inachemka.

Bujiku akapanda lorini. Hakwenda mbele ya uso wa mtamba. Alipita pembeni, akafungua kamba shingoni, akaitupa nje. Kisha akachuchumaa kwenye bega lake, akageukia kule anakotazama mtamba, mlangoni kwenye jua jeupe, wakawa wawili wanatazama mlango mmoja. Hakumshika. Alisema naye Kisukuma, maneno ya chini yasiyo na haraka, na katikati ya maneno alipiga mluzi mwembamba kwa meno, ule wa jioni, wa kuambia kundi kwamba hakuna baya, tuko wote.

Dakika tano. Kumi.

"Mkwe," Timotheo alinong'ona kutoka chini, "jua linaenda. Lori la watu. Tungoje mpaka lini?"

"Mpaka yeye."

Mtamba akatoa pumzi ndefu, iliyorusha vumbi la nyasi. Akaigeuza shingo, akamnusa Bujiku koti, dawa ya nondo ikamfanya apige chafya, na kule kwenye nguzo mtu akacheka, akanyamazishwa kwa kofi. Mtamba akakunjua mguu wa nyuma. Akaujaribu. Makalio yakanyanyuka kwanza, kama ng'ombe anavyonyanyuka, halafu kifua, akasimama akiyumba. Bujiku alisimama naye, sawia. Akasogea nusu hatua, akamwachia nafasi ya kuuona ubao, akamwacha aunuse wote, kipande kwa kipande.

Walishuka pamoja. Kwato nne na viatu viwili.

Vigelegele vilitaka kupasuka, lakini Bujiku aliinua kiganja bila kugeuka, na hata Eveline akavimeza. Prisca alikuwa amesimama mbele ya ukuta, analia na kucheka kwa wakati mmoja, shanga zimemgeukia mgongoni. Timotheo akaja, akapiga magoti nusu, akasema kwa adabu zote za kwao, "Mkwe, ng'ombe ndio hawa. Umewaona. Unasemaje?"

Bujiku alikuwa ameweka mkono ubavuni mwa mtamba. Ngozi ilitetemeka chini ya kiganja, ikatetemeka tena kama inayofukuza nzi, kisha ikaanza kupunguza. Joto lake lilikuwa lilelile. Alikuwa amesahau kwamba ng'ombe ana joto namna ile.

"Ngoja," alisema.

"Tunangoja nini, mkwe?"

"Ng'ombe mwenye hofu hacheui. Hata ashibe vipi. Akicheua, nitajibu."

Bajaji zilikuwa zimeziba pande zote mbili za barabara. Wali ulianza kunuka moto. Hakuna aliyeondoka. Watu wote, wakwe na majirani na dereva juu ya boneti, walikuwa wanaitazama shingo ile nyekundu, na Bujiku ameinama kidogo, sikio karibu na ngozi. Na chini kabisa, karibu na kifua, kikaonekana kitu kidogo cha mviringo kimeanza kupanda, polepole, chini ya manyoya, kinaelekea kwenye taya.